Baada ya Risiti: Msimamizi wa Duka la Fenicha Anafanya Kazi Gani?

Ukiingia duka la fenicha na vyombo vya umeme pale Ngamiani, Tanga, watu wengi unaowakuta kazi zao zinajieleza. Muuzaji anasifia kochi. Keshia yuko nyuma ya mashine ya risiti. Vijana wa kubeba wamekaa kwenye ngazi wakisubiri mzigo. Halafu yupo mmoja anayezunguka tu. Ana kalamu, daftari na rundo la funguo. Anafungua mlango wa friji, anaufunga, anaingia stoo, anapiga simu, anarudi. Hauzi, hapokei pesa, habebi. Wateja huuliza, na vijana wanaotafuta kazi madukani huuliza pia: huyu analipwa kwa kazi gani?

Jibu linaanzia kwenye bidhaa yenyewe. Anayenunua kilo ya sukari hulipa, huondoka nayo, na biashara imekwisha. Anayenunua friji hulipa leo, hupelekewa kesho, huiwasha kesho kutwa, na kwa mwaka mzima anabaki na karatasi inayosema duka litaitengeneza ikiharibika. Pesa imeshatoka mfukoni mwake, lakini kitu alichokilipia bado kiko njiani. Katika kipindi hicho cha katikati, mteja hana mkononi ila neno la duka. Msimamizi, ambaye dukani wengi humwita supavaiza, ameajiriwa kulishika neno hilo lisianguke.

## Futi kabla ya fedha

Kazi yake huanza hata kabla ya malipo, na huanza kwa futi, ule utepe wa kupimia.

Nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Mabawa zimejengwa kwa ramani ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua kwa nyuma wenye jiko na bafu. Kochi kubwa hupita mlango wa mbele bila taabu. Shida iko hatua mbili mbele, pale linapotakiwa kukata kona kuingia chumbani. Ukumbi ni mwembamba, mlango wa chumba ni mwembamba zaidi, na kochi halikunjiki. Wabebaji hulisimamisha wima, hulilaza ubavu, hung'oa miguu yake, na mwisho hulirudisha barazani, majirani wakiangalia.

Msimamizi anayeijua Tanga hayaachi mambo yafike huko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimelipenda hili la L, la kijivu."

"Limependeza, mama. Chumba chenu kiko mkono gani ukiingia ukumbini?"

"Cha kwanza, kushoto."

"Na televisheni iko ukuta upi?"

Maswali hayo mawili huonekana ya umbea, lakini ndiyo yanayookoa mauzo. Kochi la L lina upande: mkono wake mrefu huwa kulia au kushoto kwa aliyekaa. Ukichukua la kulia kwa chumba kinachotaka la kushoto, mkono mrefu unaziba mlango au unaipa televisheni mgongo. Na kwa kuwa kochi la L huja vipande viwili, linaweza kupita mahali ambapo kochi la watu watatu lisilogawanyika litakwama. Mama aliyekuja akiamini kubwa ndilo gumu kuingia hujifunza hapo kwamba kinachohesabika ni kipande kirefu kuliko vyote.

Kitanda kina mtego wake. Magodoro yetu hupimwa kwa futi: tano kwa sita, sita kwa sita. Vitanda vingi vinavyotoka nje hupimwa kwa sentimita, na saizi iliyozoeleka ni 180 kwa 200. Muuzaji mwenye haraka atasema hiyo ni sita kwa sita. Futi sita ni sentimita 183. Maana yake godoro la sita kwa sita linazidi upana wa kitanda hicho kwa sentimita 3, nalo linabanwa likikunjamana pembeni, huku miguuni likibakiza pengo la sentimita 17. Mteja aliyeuziwa kitanda na godoro kama seti moja ana haki ya kukasirika, na hasira yake itamwangukia msimamizi.

## Enzi za kibali

Kazi hii haikuwa hivi siku zote, na wazee wa Tanga wanaikumbuka ikiwa kinyume kabisa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, makampuni makubwa ya uagizaji yalitaifishwa na biashara ya jumla ikashikwa na Shirika la Biashara la Taifa, lililojulikana kwa kifupi STC. Miaka michache baadaye shirika hilo lilivunjwa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC, Tanga ikiwa mmoja wa mikoa hiyo. Redio zilikuwa zikiunganishwa nchini, za National jijini Dar es Salaam na za Philips Arusha. Televisheni haikuwa na soko la maana Bara, kwa kuwa hakukuwa na kituo cha kuitazama. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini.

Vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vilifanya mwanzo wa miaka ya themanini uwe wa rafu tupu. Mtu aliyetaka cherehani au feni alihitaji kibali, yaani barua ya ofisa inayomruhusu kununua. Msimamizi wa duka la umma hakuwa na haja ya kumshawishi mteja. Alikuwa akigawa uhaba: vitu vitatu, watu mia, na daftari la majina. Kutoka Tanga hadi Horohoro si mbali, kwa hiyo magendo ya kutoka Kenya yalijaza sehemu ya pengo hilo, mpaka kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 ilipowafanya watu wafiche hata vitu walivyonunua kwa halali. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi milango ikafunguka zaidi.

Urithi wa zama hizo haujafutika wote. Wapo wauzaji ambao bado humhudumia mteja kana kwamba wanamfadhili, na wapo wateja wa umri fulani ambao wakipewa kitu chenye mkwaruzo hukipokea kimya, maana walizoea kushukuru kwa kukipata tu. Msimamizi mzuri humrudisha mteja wa namna hiyo ndani na kumbadilishia, bila kungoja alalamike.

## Chumvi, unyevu na umeme

Pwani inakula fenicha. Hewa ya Raskazone na Sahare ina chumvi, na chumvi hupenda bati la friji na miguu ya chuma ya meza. Kutu huanza chini, mahali ambapo rangi imechubuka kwa kuburutwa sakafuni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mbao za kubandika, zile zinazotengenezwa kwa unga au chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hunyonya maji kutoka sakafuni na kuvimba. Kabati lililovimba halirudi. Milango yake haifungi tena, na karatasi ya juu inayoiga mninga inabanduka.

Ndiyo sababu msimamizi anagombana na mtunza stoo juu ya vipande vya mbao vya kuinulia mzigo. Kila boksi likae juu yake, mbali na ukuta, na lililoingia kwanza litoke kwanza. Kabati lililosahauliwa pembeni kwa misimu miwili ya mvua limeshakufa ndani ya boksi lake, na hakuna atakayejua mpaka lifunguliwe chumbani kwa mteja.

Kuhusu mbao halisi, Tanga ina bahati. Misaji, ambayo mafundi wengi huiita mitiki, hupandwa Longuza wilayani Muheza, na misindano na misaipresi hupandwa Shume huko Lushoto. Lakini kitanda kilichotengenezwa kwa mbao mbichi kitalia usiku na kufunguka maungio kadiri kinavyokauka. Msimamizi anayepokea kazi za mafundi wa mjini hukigeuza kitanda chini juu, akakagua matundu ya bungua na kugonga maungio kabla ya kutia saini.

Friji ina masharti yake, na hapa wateja wengi huumia bila kujua. Ndani ya kompresa, ile mashine ya duara iliyo nyuma chini, mna mafuta. Friji ikilazwa ndani ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka dukani hadi Pongwe, mafuta hayo huhama na kuingia kwenye mabomba. Ikiwashwa papo hapo, kompresa hufanya kazi bila mafuta ya kutosha na inaweza kufa siku ileile. Inatakiwa isafirishwe wima. Ikishindikana, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na mafundi wengi hushauri siku nzima. Mteja aliyenunua samaki asubuhi akitegemea kuwasha jioni hapendi kusikia hivyo. Ni bora alisikie dukani.

Kwa ufupi: kabla ya gari kuondoka, msimamizi anapaswa kuwa na majibu ya haya:

- Chumba na mlango vimepimwa, au tumekisia?
- Boksi limefunguliwa, kioo kimeangaliwa, chombo kimewashwa mbele ya mteja?
- Namba ya chombo iliyoandikwa kwenye karatasi ya dhamana ndiyo iliyo nyuma ya chombo?
- Friji imesimama wima, na anayeipokea ameambiwa lini aiwashe?

## Pesa inayokuja vipande vipande

Wachache hununua seti ya sebuleni kwa noti za siku moja. Mwanamke wa Chumbageni hungoja zamu yake ya upatu, ule mchezo wa kuchangiana ambapo kila mwezi mmoja huchukua chungu chote. Mkulima wa Muheza huja machungwa yakishauzwa. Mwalimu huja na barua ya makato, yaani mpango wa kukatwa mshahara kila mwezi hadi deni liishe.

Wapo pia wanaotoa arubuni, kiasi cha kwanza cha kumfunga muuzaji asimuuzie mwingine. Mwenye arubuni hana friji na hana pesa. Ana jina lake kwenye daftari tu. Kwa maoni ya mwandishi, daftari hilo ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote dukani, na msimamizi anayeliacha mikononi mwa kila mtu anacheza na amana za watu. Kila malipo yanahitaji tarehe, kiasi, salio na saini mbili. Friji yenyewe iandikwe jina la mteja na ihamishwe nyuma, isiuzwe kwa aliyekuja na fedha taslimu Jumamosi.

Kuuza kwa malipo ya awamu ni mbinu ya zamani. Kampuni ya cherehani ya Singer ya Marekani ilianza kuwauzia watu kwa awamu mwaka 1856, na tangu hapo swali limekuwa lilelile: mteja akishindwa kumalizia, duka lichukue nini? Tanzania ilitunga sheria ya mauzo ya namna hii mwaka 1966. Jirani zetu wa Kenya waliifuata njia hiyo mwaka 1968 na kuweka kinga iliyo wazi: mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kuja kukibeba chombo kwa nguvu, mpaka aende mahakamani.

Kwa mtumishi wa umma kuna kinga nyingine. Makato yote yakijumlishwa, lazima theluthi moja ya mshahara wake ibaki. Msimamizi anayemwona mwalimu akitia saini kwa seti ya tatu huku karatasi ya mshahara imeshajaa makato, na akanyamaza kwa sababu anataka kufikia lengo la mwezi, anatengeneza deni ambalo halitalipika.

Hatari iko upande wa duka pia. Nakumatt, iliyokuja kuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa Afrika Mashariki, ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru. Mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Miaka mitatu baadaye rafu zake zilikuwa zinakauka kwa sababu wasambazaji walikuwa hawajalipwa, na mwanzoni mwa 2020 wanaoidai walipiga kura ifungwe. Duka la Game, lililokuwa Mlimani City jijini Dar es Salaam, liliondoka mwaka 2022 kampuni mama ilipojitoa katika nchi kadhaa za Afrika. Duka linapoyumba, msimamizi huliona mapema kuliko wateja: mzigo ulioagizwa haufiki, simu za wasambazaji zinaongezeka. Kuendelea kupokea arubuni wakati huo ni dhuluma, hata kama maagizo yametoka juu.

## Kioo kikipasuka

Sasa lije jambo linalovunja nyumba za watu. Vijana wanashusha meza ya kioo, mkono unateleza, kioo kinapasuka. Mwenye duka anasema: wakatwe. Katika maduka mengi husemwa hivyo, na hufanyika siku ya mshahara bila karatasi yoyote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu. Kumkata mfanyakazi kwa hasara kunawezekana tu ikiwa hasara ilitokea kazini kwa kosa lake mwenyewe, ameelezwa kwa maandishi sababu na kiasi na namna kilivyokokotolewa, na amepewa nafasi ya kupinga. Kiasi hakiwezi kuzidi hasara halisi, na makato hayo hayawezi kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha. Tuchukue mfano: kijana analipwa 300,000, kioo kina thamani ya 240,000, na imethibitika ni uzembe wake. Haiwezekani alipwe 60,000 mwezi huo. Kinachoweza kukatwa ni 75,000 kwa mwezi, na deni lichukue miezi minne.

Lakini swali la kwanza ni la kosa. Je, walikuwa wawili kwa mzigo wa watu wanne? Je, walipewa glovu? Je, ilikuwa safari ya sita tangu asubuhi, bila chakula? Msimamizi ndiye aliyepanga safari hizo. Mara nyingi akichunguza kwa haki ataona kosa ni la ratiba yake, na ratiba haikatwi mshahara. Ni vigumu kumwambia hivyo mwenye duka ambaye pengine ni mjomba wako au ndiye aliyekupa kazi. Hata hivyo ndiyo kazi yenyewe.

Sheria hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kuna saa 24 za kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Msimamizi anayepanga zamu za Shaabani, mwezi ambao harusi husongamana kabla ya mfungo, anahitaji tarakimu hizo kichwani. Na kuna jambo wengi hawalijui: masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani anayehesabu saa za wengine anaweza kujikuta za kwake hazihesabiwi. Kabla ya kukubali cheo, aulize kuhusu saa na aandikiwe kwenye mkataba.

Wabebaji ndio wanaosahauliwa zaidi, maana wengi huitwa kwa siku na kulipwa kwa safari. Migongo yao huumia mapema. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya anayeumia kazini, lakini asiye na jina kwenye orodha ya waajiriwa hufika huko mikono mitupu. Msimamizi mwenye uwezo wa kumshawishi mwenye duka aanze na hao.

## Kurudi kwa mteja

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Tangazo hilo limebandikwa kwenye kuta nyingi, karibu na keshia. Lina haki kwa mtu aliyebadilisha mawazo kuhusu rangi ya kochi. Halina nguvu kwa aliyeuziwa kitu kibovu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inamlinda mlaji, na maneno ya ukutani hayaifuti.

Ushahidi wa kwanza wa mteja ni risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, ambayo Mamlaka ya Mapato ilianza kuidai kwa wafanyabiashara mwaka 2010. Muuzaji anayemnong'oneza mteja kwamba bila risiti bei itashuka, kwa sababu asilimia 18 ya VAT inaondoka, anamnyang'anya pia silaha yake ya kudai. Msimamizi anayelifumbia macho hilo hana tena neno la kulishika.

Kipimo kigumu huja mwishoni mwa dhamana. Tuseme friji aliyouziwa mteja wa Pangani imeacha kugandisha katika mwezi wa kumi na moja. Dhamana ni ya mwaka, kwa hiyo duka linahusika. Lakini nani analipa gari la kuileta Tanga? Nani anathibitisha kwamba si umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo ndio ulioiunguza? Na mwenye friji ana biashara ya barafu na juisi, kila siku ni hasara. Karatasi nyingi za dhamana hazisemi lolote kuhusu usafiri. Wasimamizi wenye uzoefu huandika kwa mkono nyuma ya karatasi, siku ya mauzo, mbele ya mteja: usafiri wa kuja ni wa nani, wa kurudi ni wa nani, fundi ataangalia ndani ya siku ngapi, na kama duka lina friji ya kuazima. Kisha husoma kwa sauti, kwa sababu mteja huyo akirudi baada ya miezi kumi na moja, huenda muuzaji aliyemhudumia ameshahamia duka jingine.